Herufi Zilizovunjwa kwa Makusudi

Wasomaji wetu walioko makambini na vituoni wanajua kwamba cheo cha mtu hutambulika kwa mbali, kabla jina lake halijasomwa. Jambo hilo lilipata kujaribiwa mjini London katika kurasa za jarida la muziki la vijana.

Bw. Nick Logan, aliyekwisha kulihariri gazeti la New Musical Express na kuanzisha Smash Hits mwaka 1978, alitoa toleo la kwanza la The Face mwezi wa Mei, 1980. Alitaka kijana apewe karatasi nzuri na picha kubwa. Magazeti ya muziki ya siku zile yalikuwa ya karatasi hafifu, na wino wake ulibaki vidoleni.

Mwaka 1981 akaja Bw. Neville Brody kupanga kurasa. Huyu alichora herufi zake mwenyewe. Kisha akalishika neno la Kiingereza lenye maana ya "Yaliyomo", akalivunja kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, hata ikabaki alama tu. Msomaji wa kila mwezi hakupotea, kwani jicho lilikwisha izoea njia. Twausifu ujasiri huo, ingawa kwa mgeni alama ile ilikuwa fumbo. (Amri ya kazi isiandikwe hivyo!)

Waigaji wakawa wengi, hata matangazo ya biashara yakavikwa herufi za namna ile. Logan alipoanzisha jarida la Arena mwaka 1986, Brody alilipanga kwa Helvetica, herufi nyoofu zisizo na pambo.