Mafuriko ya watu Ngara: kipi kweli, kipi si kweli

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, ilifurika watu. Ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja, huku Mto Kagera chini yao ukibeba maiti, wakatua Benaco wilayani Ngara. Kwa muda Benaco ikasemwa kuwa mji wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam. Kambi zimefungwa zamani, ila maneno kuzihusu bado yanazunguka Ngara hadi Biharamulo.

“Wakimbizi walituachia umaskini.”

Si kweli, kwa wastani. Hapa hatubahatishi. Tangu 1991 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walikuwa wakizihoji kaya zaidi ya 900 za Mkoa wa Kagera, ambamo Ngara imo: mnalima nini, mnakula nini, mnatumia kiasi gani. Kaya hizo zikafuatwa tena 2004 na 2010. Wachumi Jean-François Maystadt na Gilles Duranton walipolinganisha takwimu, walikuta kaya za karibu na kambi zimeinuka kuliko za mbali, na nafuu hiyo ilidumu hata wageni walipokwisha kuondoka.

Iliyodumu si biashara ya kambini, ingawa nayo ilichangamka: mwenye ndizi aliuza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, maana ndizi hazikuwemo kwenye mgao, naye mkimbizi akazibadilisha kwa unga au mafuta ya msaada. Soko hilo lilikufa Desemba 1996, Serikali ilipotaka Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia tarehe 31. Kilichobaki ni barabara. Malori ya chakula yasingepita kwenye tope, kwa hiyo greda zilikuja, na gharama ya kusafirisha mazao ikashuka. Wafadhili hawakuzitengeneza kwa ajili ya mkulima wa Ngara. Yeye alizirithi tu.

“Walimaliza misitu.”

Kweli kwa sehemu kubwa. Kambi za Kagera ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Piga hesabu ya malori ya tani kumi: 120, kila siku ya Mungu. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na kati ya hizo 167 zikaharibiwa vibaya. Lakini misitu haikwisha. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambako wanyama nao waliwindwa sana miaka ile, mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

“Wote waliondoka 1996.”

Si kweli. Warundi walikuwa wameanza kuingia tangu 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na kambi ya Lukole, Ngara, iliendelea kuwahifadhi kwa zaidi ya miaka kumi baada ya Wanyarwanda kurudi.

“Basi kila mwenyeji alifaidika.”

Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu wasifiaji wa barabara hulipitia haraka. Aliyekuwa na shamba alipata wateja, tena akapata watu wa kumpalilia kwa ujira mdogo. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua alishindanishwa na mtu mwenye mgao wa chakula, anayeweza kupokea nusu ya ujira na bado akalala ameshiba. Maystadt na Philip Verwimp waliwakuta vibarua wa mashambani miongoni mwa walioumia. Walimu na wauguzi nao waliacha vituo vyao kufuata mishahara ya mashirika ya misaada.

Watoto je? Mchumi Javier Baez alifuatilia wenyeji waliokuwa wadogo wakati kambi zinafunguliwa. Walipokua, walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa, na wachache zaidi kati yao walijua kusoma na kuandika.