Barua Pepe Moja, Kompyuta Mbili

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya ruta, kile kisanduku chenye vitaa kiletacho intaneti nyumbani. Leo tutasonga mbele kidogo, kwa sababu ya barua niliyoletewa na mama mmoja wa Mikumi.

Mama huyu na mumewe wana nyumba ya wageni karibu na barabara kuu iendayo Iringa. Wageni wao wengi ni watu wanaokwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, nao huandika mapema kwa barua pepe kuomba vyumba. Kompyuta zao ni mbili, moja mapokezi na nyingine chumbani, na zote hupata intaneti kwa ruta moja. Usiku mmoja mume alisoma barua ya familia ya watu watano iliyotaka vyumba viwili, akawajibu waje. Asubuhi mkewe alipofungua kompyuta ya mapokezi hakuona barua ile wala jibu lake, akavitoa vyumba kwa watu wengine. Familia ikafika saa mbili usiku, watoto wamelala garini. Mwaweza kufikiri aibu iliyokuwapo pale mlangoni!

Sasa mama ananiuliza: Je, twaweza kuziweka barua zote katika kompyuta moja, na ile nyingine izisome humo kwa njia ya mtandao wa nyumbani? Shabaha yake ni njema, lakini njia hiyo siyo. Nisikilizeni niwaeleze kwa nini.

Kwanza natuulize, ile barua ilikwenda wapi? Fikiri habari ya sanduku la posta. Hapa Kilosa tumezoea kwamba barua haikufuati nyumbani, bali hungoja katika sanduku pale posta mpaka mwenye ufunguo aende kuitoa. Barua pepe nayo ina sanduku lake. Limo katika kompyuta kubwa ya kampuni iliyokupa anwani, na kompyuta hiyo huitwa seva. Yamkini iko Ulaya, wala sisemi Ulaya yetu hii iliyo kati ya Kilosa na Mikumi. Iko mbali, lakini kila kompyuta yenye neno lako la siri yaweza kulifungua sanduku lile.

Sasa, ziko njia mbili za kulifungua, na majina yake utayaona kwenye kioo cha kompyuta unapoingiza anwani yako. Moja huitwa POP, nayo ilianza mwaka 1984. Ya pili huitwa IMAP, nayo aliibuni Mmarekani Mark Crispin mwaka 1986, alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford.

POP ni kama mtumishi aendaye posta, akafungua sanduku, akabeba barua zote nyumbani. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja haina ubaya. Lakini mkiwa na kompyuta mbili, ile iliyotangulia huzoa barua, na ile ya pili hukuta sanduku tupu. Ndivyo ilivyompata mama yetu. Kuna mahali pa kutia alama ili nakala ibaki kwenye seva, na watu wengi huridhika hapo. Mimi siridhiki. Barua zitafika kote kuwili, ni kweli, lakini kwa kawaida jibu uliloandika hubaki katika kompyuta uliyoliandikia, na mwenzako hatajua kama barua imekwisha jibiwa. Kwa mwenye kugawa vyumba, jibu ndilo lenye maana kuliko barua.

IMAP haibebi kitu. Barua hubaki posta, nawe unazisomea palepale, na kompyuta zote mbili hutazama sanduku lilelile. Mume akisoma usiku, asubuhi mke ataona barua imetiwa alama ya kusomwa. Akijibu, jibu huwekwa katika folda ya barua zilizotumwa, na wote wawili huliona. Hata simu ya mkononi yaweza kuongezwa iwe ya tatu.

Turudi kwenye shauri la mama, la kuweka barua katika kompyuta moja na kuzifungua kwa mbili. Programu kama Thunderbird huandika barua za folda moja katika faili moja kubwa, moja baada ya nyingine, na pembeni huweka faili ndogo ya kuonyesha kila barua ilipo. Programu hiyo hudhani iko peke yake. Ninyi wa Kilosa mnaijua ile reli ya zamani yenye njia moja. Kati ya stesheni na stesheni garimoshi moja tu ndilo liruhusiwalo kupita, na kama yakiingia mawili, kila mtu ajua mwisho wake. Faili ya barua ni njia moja kama ile. Programu mbili zikiiandika kwa wakati mmoja huharibika, na hata moja ikiwa inaandika kupitia mtandao, umeme ukakatika, huweza kuharibika pia. Faili za Outlook ziitwazo PST nazo ni hivyo hivyo, na kampuni ya Microsoft yenyewe huwaonya watu wasizitumie kwa kupitia mtandao.

Sisemi haya kwa kusoma vitabuni tu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilifanya jambo hilihili nyumbani kwangu, kwa kujidai ninajua. Umeme ulizima jioni moja, na uliporudi folda ilifunguka tupu. Humo zilikuwamo barua za marehemu kaka yangu, za miaka yake mitatu ya mwisho. Sikuwa na nakala.

Basi tufanyeje? Anza na kompyuta yenye barua nyingi. Funga programu ya barua kabisa, kisha nakili folda yake yote kwenye diski ya nje au flashi. Kunakili hali programu imefunguliwa ni kujidanganya, maana waweza kupata nakala iliyokatika katikati. Ukiisha kunakili, fungua programu tena, uingize anwani yako mara ya pili kwa njia ya IMAP, bila kuifuta ile ya zamani. Sasa utaziona zote mbili pembeni, ya POP na ya IMAP. Zichukue barua za zamani, folda moja moja, uzinakili kwenye ile ya IMAP. Hapo zinarudishwa posta.

Kazi hii hula intaneti. Kama barua zako zina picha nyingi, kifurushi chaweza kwisha kabla hujafika nusu, kwa hiyo fanya kidogo kidogo. Tazama pia nafasi ya sanduku lako. Gmail, kwa mfano, hutoa GB 15 bila malipo, nazo huhesabiwa pamoja na picha na faili zako nyingine unazohifadhi kwao. Ukimaliza, nenda kompyuta ya pili, ingiza anwani ileile kwa IMAP, uhesabu barua za kila folda. Hesabu zikilingana ndipo uondoe njia ya POP katika kompyuta zote mbili. Ukiisahau hata katika moja, itaendelea kuzoa barua sandukuni, nawe utashangaa zinakokwenda.

Nimwambie mama na jambo moja la hatari. Kwa kuwa sanduku ni moja, barua ikifutwa mapokezi imefutwa na chumbani. IMAP si nakala ya akiba, ingawa wauza kompyuta wengine husema hivyo. Hapa sasa ndipo mtandao wa nyumbani unapofaa. Katika kompyuta ya chumbani fanya folda ya kushirikiwa, na kila Jumamosi, programu ikiwa imefungwa, ile ya mapokezi ipeleke humo nakala ya barua zake. Folda hiyo ni ghala tu. Pasiwe na programu ya barua inayofanya kazi ndani yake. Na nakala nyingine ya flashi iwekwe nyumba nyingine. Waliokuwapo Kilosa wakati wa mafuriko ya mto Mkondoa, Desemba 2009 na Januari 2010, wanajua kwamba maji hayachagui chumba.

Barua za wageni zina namba za pasipoti na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza habari kama hizo azilinde. Kwa hiyo folda ile ya kushirikiwa iwe na neno la siri, wala wageni wasipewe intaneti ya ruta inayounganisha kompyuta zenu. Ruta nyingi zina njia ya pili kwa ajili ya wageni, itumieni hiyo.

Mwisho, mama afanye folda mpya katika sanduku la IMAP, aiite "Vyumba vilivyotolewa". Kila ombi lililokubaliwa lihamishiwe humo papo hapo, na anayetaka kutoa chumba aangalie humo kwanza. Daftari la wageni la karatasi lisitupwe, kwani intaneti ikikatika kompyuta itaonyesha barua za jana, haitaonyesha iliyofika sasa hivi. Siku hiyo mumewe akisoma barua kwa simu, atoke chumbani aende mapokezi akaliandike jina la mgeni kwa kalamu.