Ndege Ipitayo Juu ya Makindu

Mtu akichukua ramani ya Kenya na kupiga mstari kwa rula kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, mpaka ule wa Port Reitz, Mombasa, ataona ya kuwa mstari huo wapita karibu kabisa na mji wa Makindu, baada ya theluthi moja ya safari. Baina ya viwanja hivyo viwili, ambavyo leo vyaitwa kwa majina ya Marais Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi, pana kilometa 420 hivi. Barabara ni yapata kilometa 485. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ni kilometa 530, maana gari la moshi haliwezi kushindana na mlima, sharti lizunguke.

Tiketi ya ndege husema safari ni muda wa saa moja. Wengi hudhani hiyo ni saa nzima ya kuwa angani, kumbe sivyo. Hesabu huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na huisha inaposimama tena kabisa. Ndege ikienda kilometa 700 kwa saa ingemaliza njia hiyo kwa dakika 36, lakini haipati nafasi ya kukimbia hivyo kwa muda mrefu: kupanda hakujaisha vizuri ila rubani yu tayari kuanza kushuka, kwani Embakasi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na Port Reitz meta 61 tu. Kwa hiyo hukaa angani kama dakika 45. Ikifuata njia ya rula, hupita Makindu robo saa hivi baada ya kuruka.

Sasa na tumfikirie mtu wa Makindu aliyeletewa alfajiri habari ya msiba Mombasa, na mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri. Treni mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, husimama Emali na Kibwezi, wala si Makindu. Je, apande ndege? Akitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, atafika Embakasi saa mbili na nusu, akiwa amekwenda kinyume cha aendako. Yampasa kuwahi ukaguzi wa mizigo; tuseme ndege yaruka saa nne. Atatua saa tano kasorobo, na kuingia mjini saa tano na nusu, msongamano wa magari ukimhurumia.

Basi aliloliacha likielekea pwani saa ile ile ya kumi na mbili lina zaidi ya kilometa 300 za kwenda, nalo hufika saa tano au saa sita, hata kama abiria wake wameshuka kidogo kunywa chai. Nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya ndege.

Saa nne na robo, basi hilo litakuwa limekwisha kupita Voi, likikaribia Mackinnon Road. Wakati huo huo msafiri wa ndege, akichungulia dirishani, ataliona paa la nyumba yake mwenyewe.