Darubini ya msituni: Kwa nini 8x inaishinda 12x penye majani mengi

Ukiwa ndani ya msitu mnene huoni mbali. Mita 30, ukibahatika 50, halafu ni ukuta wa majani. Ndiyo maana wengi huuliza: sasa darubini ya nini humo, si macho yanatosha?

Hayatoshi. Tatizo ni kwamba mtu akishakubali kuwa anahitaji darubini, anaenda dukani na kuomba ile "inayovuta sana". Anapewa 12x50 au hata 20x50, anatoka amefurahi. Siku ya kwanza msituni anaona giza, mtikisiko na jani moja kubwa.

Maelezo haya ni kwa wanaoingia msituni kwa shughuli halali: waongoza watalii, wapenzi wa ndege, watafiti, na wawindaji wenye leseni katika nchi zinazoruhusu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni na katika maeneo maalumu tu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haimo katika maeneo hayo, kule ni kutazama tu.

Kazi yake si kuona mbali

Kwenye mbuga ya wazi unatumia darubini kumleta mnyama karibu. Msituni mnyama tayari yuko karibu, ila amefichwa. Huoni pongo mzima. Unaona sikio, mguu mmoja, mstari wa mgongo uliolala kati ya vigogo vilivyosimama wima, au jicho linalong'aa.

Darubini inakusaidia kuyachambua majani. Ukizungusha fokasi taratibu, tawi la mbele linayeyuka na kile kilicho nyuma yake kinajitokeza. Macho matupu hayafanyi hivyo.

Kwa mwindaji hili ni suala la uhai. Kivuli cha kahawia nyuma ya kichaka kinaweza kuwa pongo. Kinaweza pia kuwa mama anayeokota kuni, au mwindaji mwenzako aliyechuchumaa. Wapo wanaotumia lenzi ya juu ya bunduki kuangalia "kile ni nini". Huo ni mchezo wa hatari, kwa sababu kila unapotazama mtutu nao unaelekea huko huko. Kutambua ni kazi ya darubini. Bunduki inafuata baadaye, ukiwa na uhakika.

Namba mbili, maana mbili

Kila darubini ina namba kama 8x42 au 10x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa kuingizia mwanga.

Tuanze na hiyo ya kwanza, maana ndiyo inayowapumbaza watu.

Chukua mnyama aliye mita 600 kwenye mbuga. Kwa 8x anaonekana kama yuko mita 75, na kwa 12x kama yuko mita 50. Hizo ni mita 25 za tofauti, si haba.

Sasa mlete mnyama huyo huyo msituni, mita 30 kutoka ulipo. Kwa 8x anaonekana kama yuko mita 3.75. Kwa 12x, mita 2.5. Umepata mita moja na robo tu! Kwa faida hiyo ndogo unalipa gharama kubwa sehemu nyingine nne.

Upana unaoonekana

Kadiri darubini inavyovuta, ndivyo dirisha lake linavyokuwa jembamba. Darubini nyingi za 8x zinaonyesha karibu mita 130 za upana kwa kitu kilicho mita 1,000. Za 10x ni kama mita 110, na za 12x mara nyingi ni mita 90 hivi.

Kwa umbali wa mita 20, hesabu hiyo inakupa duara la upana wa mita 2.6 kwa 8x na mita 1.8 kwa 12x. Ukipiga eneo lote la duara, 8x inakuonyesha karibu mara mbili zaidi.

Ndege wa msituni hakai akikusubiri. Umesikia sauti, umeona tawi limetikisika, una sekunde mbili tatu za kunyanyua darubini na kumpata. Ukiwa na dirisha jembamba unajikuta unatangatanga kwenye majani yanayofanana, na ukishusha darubini ili uanze upya, ameshaondoka.

Kumbuka pia mkono wako. Darubini ya 12x inakuza mtikisiko wa mkono mara 12, na msituni umetoka kupanda kilima, unahema. Bila miguu mitatu ya kuiegemeza, watu wengi hawaioni faida ya chochote kinachozidi 10x. Na nani atafungua miguu mitatu katikati ya mizizi na mitambaazi?

Mwanga, hapa ndipo penye utamu

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Kwa 8x42 unapata 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2, na kwa 12x50 ni kama hiyo hiyo. Vile vidogo vya mfukoni vya 10x25 vinatoa 2.5 tu.

Jibu hilo ni upana, kwa milimita, wa boriti ya mwanga inayotoka kwenye darubini na kuingia jichoni. Unaweza kuiona mwenyewe: ishike darubini mbali kidogo na uso, ielekeze kwenye ukuta mweupe au anga (kamwe si kwenye jua), utaona viduara viwili vinavyong'aa.

Mboni ya jicho lako nayo ina upana wake. Juani inabana hadi milimita 2 au 3. Kwenye giza ya kijana inaweza kufunguka hadi karibu 7, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo juani kali ufukweni, 10x25 na 8x42 zinaonekana kuwa na mwanga sawa. Jicho lenyewe ndilo linabana.

Chini ya miti mikubwa ni hadithi nyingine. Saa nne asubuhi nje ya msitu ni kweupe, lakini ndani, sakafuni, inafika sehemu ndogo tu ya mwanga huo. Mboni imefunguka, inadai boriti ya milimita 5, wewe unailetea 2.5. Picha inakuwa nyeusi, rangi zinapotea. Na alfajiri na jioni, saa ambazo wanyama wengi wanatembea, hali ni mbaya zaidi.

Chukulia bundi mdogo wa Sokoke, anayepatikana msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi na maeneo ya chini ya Usambara Mashariki. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18, na mchana analala kivulini katikati ya matawi yenye rangi kama yake. Umbali si tatizo, muongozaji mzuri atakufikisha mita chache tu kutoka alipo. Kinachotakiwa ni mwanga wa kutosha kutofautisha manyoya na gome la mti.

Je, 7x50, yenye boriti ya milimita 7, si bora zaidi? Kwa mwanga, ndiyo, kama macho yako ni ya ujana. Lakini ni kubwa na nzito, na mwenye umri mkubwa hafaidi ule mwanga wa ziada kwa sababu mboni yake haifunguki kiasi hicho. 7x42 ingekuwa chaguo tamu sana kwa msitu. Shida ni kuipata dukani.

Kina cha fokasi

Hili halisemwi sana madukani. Darubini inayovuta zaidi ina kina kifupi cha fokasi: vitu vichache tu vinaonekana vizuri kwa wakati mmoja, vya mbele na nyuma vinafifia. Na kina hicho kinapungua haraka kuliko namba inavyopanda. Ukitoka 8x kwenda 10x unabaki na karibu theluthi mbili tu. Kwa 12x hufiki hata nusu.

Maana yake, kila ndege akiruka kutoka tawi moja hadi jingine lililo mita mbili nyuma, unaanza tena kuzungusha fokasi. Kwa 8x mara nyingi unamfuata bila kugusa kitu.

Angalia pia darubini inaanza kuona kuanzia umbali gani. 8x42 nzuri nyingi zinaona vizuri hata kitu kilicho mita 2 au 3. Baadhi ya zile kubwa zinahitaji mita 5 au zaidi, na kwenye njia nyembamba ya msituni kitu unachotaka kukiona kinaweza kuwa karibu kuliko hapo.

Basi ununue ipi?

Kwa msitu mnene, 8x42. Ukiona ni nzito shingoni na matembezi yako ni ya mchana tu, 8x32 inatosha, ingawa alfajiri itakuangusha kidogo. 10x42 inafaa kama nusu ya kazi yako iko pembezoni mwa msitu, kwenye miombo ya kiangazi yenye majani machache, au unatazama mbega ng'ambo ya bonde. Kwa mtu mwenye bajeti ya darubini moja tu ya kila mahali, 8x itamsumbua mara chache kuliko 10x. Huo ni msimamo wetu, na waongozaji wanaopenda 10x wana haki yao ya kubisha.

Kama unavaa miwani, ulizia nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya lenzi ya nyuma na jicho ambao bado unakupa picha nzima. Tafuta milimita 15 au zaidi. Pungufu ya hapo utaona picha kama unachungulia kupitia tundu la ufunguo.

Na kama hela ni ya kuunga, zile za mtindo wa zamani zenye "mabega" mara nyingi hutoa picha safi kuliko zenye mirija iliyonyooka za bei ile ile. Ni nene mkononi tu, na nyingi hazivumilii mvua.

Ujanja wa matangazo

Mitandaoni utakutana na darubini zilizoandikwa "60x60" au "180x100", tena za kuingia mfukoni. Usihitaji mtaalamu, chukua rula. Namba 100 inamaanisha lenzi ya mbele yenye upana wa sentimita 10, sawa na kisosi kidogo. Kama lenzi uliyoshika ina upana wa kizibo cha chupa ya maji, mtengenezaji ameandika anachotaka. Hata 60x60 ingekuwa ya kweli, gawanya: boriti ya milimita 1. Msituni ungeona usiku.

Lenzi zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki nazo zinavutia macho ya wanunuzi. Ule wekundu unaouona ni mwanga uliorudishwa nje badala ya kukufikia, na picha ndani inabaki na ukijani. Lenzi iliyopakwa vizuri inaonekana nyeusi, na mng'ao hafifu wa kijani au zambarau.

Epuka pia zile za kuvuta kwa kubadilisha, kama 8-24x. Dirisha lake ni jembamba hata ukiiweka kwenye 8.

Ukiwa dukani, usijaribie mlangoni penye jua. Rudi kona yenye giza zaidi, elekeza kwenye maandishi madogo ya boksi la mbali, kisha kwenye kitu cha karibu. Tazama vile viduara viwili vya mwanga: vikiwa vya mviringo kamili ni dalili nzuri, vikiwa vimekatwa pembeni kama mraba, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Halafu tazama kwa dakika mbili mfululizo. Ukihisi macho yanavutana au kichwa kinaanza kuuma, mirija miwili haielekei sehemu moja. Iache hapo hapo, hata wakikupunguzia bei.

Mvuke na kuvu

Misitu ya pwani na ya milima ya Tanga ina unyevu mwingi. Darubini isiyozibwa vizuri huingiza mvuke ndani, na huo huwezi kuufuta. Tafuta iliyoandikwa kwamba haipitishi maji na imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni. Hata hiyo itapata mvuke kwa nje ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia nayo msituni moja kwa moja, kwa hiyo iache ipate joto kwanza.

Ukirudi, usiifungie kwenye mfuko wake ikiwa na jasho. Ifute, iache ipate hewa, kisha ihifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuvu ikishaota kwenye lenzi za ndani, fundi anaweza kuifungua na kusafisha, lakini kuirudisha mirija yote miwili ielekee sehemu moja ni kazi ambayo mafundi wachache wanaiweza.