Moyo wa Kijana, Miguu ya Mzee

Gari la marehemu baba lilikaa chini ya mwarobaini, nyumbani kwetu Malindi, kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Kuku walitagia katika kiti cha nyuma, na hewa ya chumvi itokayo baharini ikaila sakafu yake hata ukichungulia ndani unauona mchanga wa uani. Ni Peugeot 504 ya namna ile ndefu yenye safu tatu za viti. Wasomaji wa rika langu hawatakosa kuikumbuka, kwani kabla ya matatu za Kijapani kutamalaki, gari la aina hiyo ndilo lililokuwa likisafirisha waungwana baina ya miji. Baba alilifanyia kazi ya teksi kati ya Malindi na Mombasa tangu enzi za kupanga foleni kwenye kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991.

Mimi nilikusudia kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliyenizuia ni mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye maisha yake yote yamo katika magari. Alinijia na picha za magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini na kunieleza habari zake kwa ari ambayo sikupata kuiona alipokuwa akisoma fizikia darasani mwangu.

Habari zenyewe, kwa ufupi, ni hizi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini kubwa ya silinda nane, yenye lita zaidi ya sita, ikaitia katika gari la wastani na kuliita GTO. Vijana wa Marekani walilipapia, na viwanda vingine vikafuata mkondo huo huo. Ford Mustang nayo ilitoka mwaka uo huo, ikapewa injini kubwa zaidi kadiri miaka ilivyosonga. Siku hizi wako watu huko wanaoyatwaa magari hayo ya kale, wakaacha umbo la nje vile lilivyokuwa, na ndani wakatia injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, giaboksi za gia tano au sita, na breki za diski katika magurudumu yote manne.

“Mjomba,” akaniambia, “na sisi tunaweza.”

Nakiri mbele ya msomaji kwamba nilishawishika upesi. Tukalipeleka gari katika gereji moja, ambayo sitaitaja jina wala mji wake, na kwa muda wa majuma matatu likatiwa injini ya Toyota ya lita 2.7 iliyotolewa katika gari lililopata ajali. Injini ya asili haikufikia nguvu za farasi mia moja, ilhali hii ilikaribia 150. Siku tuliyolichukua niliendesha kutoka Kilifi hadi Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke ukinipita ubavuni kama mkeka unaokunjwa, nikajiona kijana wa miaka ishirini. Hata nambari ya injini mpya tulihakikisha imeandikishwa serikalini kama sheria inavyotaka. Tulidhani tumetimiza kila jambo.

Juma lililofuata tulikwenda kumtazama shangazi yangu Kaloleni, na tuliporejea tukashika njia ya kuteremkia Mazeras. Anayeijua barabara ile anajua vilima vyake. Nilikwenda kwa kasi ambayo gari hilo halikupata kuijua katika ujana wake, nikafunga breki katika mteremko wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Katika mteremko wa nne nilikanyaga, na kanyagio likazama mpaka sakafuni bila ya kukuta kitu, mfano wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mbele yetu, kando ya barabara, walikuwa watoto wa shule wakirudi makwao na mifuko yao mgongoni.

Mpwa wangu alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Mimi nililazimisha gia ya pili, injini ikalia, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo wa upande wa kushoto mpaka likasimama. Watoto wale walituona, wakacheka, wakapita. Hawakujua.

Sasa wanafunzi wanaosoma makala haya na watoe madaftari. Nishati ya kitu kinachokwenda hukua kwa mraba wa kasi yake. Gari likitoka kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa hadi 120, kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini nishati imekuwa mara mbili na robo. Breki haina pa kuipeleka nishati hiyo ila kuigeuza joto. Joto lile huingia katika diski na ngoma za magurudumu, likapenya hadi kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka; na hewa yetu ya Pwani ni unyevu mtupu. Mafuta yenye maji huchemka kwa joto dogo kuliko mafuta mapya. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika ilhali kimiminiko hakibaniki. Ndiyo sababu kanyagio lilizama. Hayo yote nimeyafundisha kwa miaka mingi, sura baada ya sura, wala haikunipitikia hata siku moja kwamba yananihusu mimi na gari la baba yangu.

Tulilivuta gari hadi Malindi kwa fundi mmoja mzee aliyemjua baba. Alilifungua boneti, akaitazama injini kwa muda usiozidi dakika moja, akaifunga. Kisha akaenda kuchutama kwenye gurudumu la mbele na kukaa hapo kitambo kirefu.

“Mwalimu,” akasema, “gari umelipa moyo wa kijana, miguu ukaliachia ya mzee.”

Yale magari ya Kimarekani tuliyoyaonea wivu yalikuwa na kasoro iyo hiyo. GTO ile ya mwaka 1964 ilitoka kiwandani na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Nguvu iliongezwa kwa sababu nguvu ndiyo inayouzika. Kusimama hakuna anayekutangaza. Hao wanaoyaunda upya leo wanafanya kazi ambayo kiwanda kiliiacha nusu.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano wa kazi iliyokamilika. Mwaka 2003, miaka hamsini baada ya mbio za kwanza za Safari za mwaka 1953, yalianzishwa hapa kwetu mashindano ya East African Safari Classic, ambayo ni ya magari ya kale. Mwaka 2009 mshindi alikuwa Mkenya Ian Duncan, yule yule aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1994 kwa Toyota Celica. Na safari hii alishinda kwa Ford Mustang. Gari lililobuniwa kwa lami ya Marekani lilishinda katika mawe na vumbi la Afrika Mashariki! Katika mashindano ya siku nyingi namna hiyo, injini pekee haimfikishi mtu mwisho. Springi, shokabsoba, rejeta, bodi iliyotiwa nguvu, breki: kimoja kikisalimu amri, vingine vyote ni mzigo.

Kazi ya mzee wetu ilichukua miezi mitano. Alikata sakafu yote iliyoliwa na kutu akachomelea bati jipya, kwa hoja kwamba injini yenye nguvu hulipinda gari bovu kama mtu akamuavyo nguo. Aliondoa diski za mbele akaweka nyingine nene, zenye matundu ya kupitisha hewa, zilizotoka katika pikapu, na vipande vya kuzishikia alivikerezesha kwa vipimo alivyovichukua kwa uzi na rula. Alibadilisha mabomba ya breki yote, akapanua rejeta, na propela akaipeleka kusawazishwa ili isitetemeke. Injini hakuigusa.

Kuna watakaosema kwamba gari la kale liachwe kama lilivyozaliwa, na wengine kwamba fedha zile zingetosha kununua gari lililotumika kutoka Japani. Wa pili wana haki. Kwa hesabu ya mfuko nimeshindwa. Hoja yangu ni nyingine. Mzee yule hana cheti. Hakuna alichokiandika. Wanafunzi wake wawili wanaondoka kila mara pikipiki za abiria zinapolipa zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini na kuwapa madaraja mafundi hata wasiopita vyuoni, lakini nilipomtajia alicheka akaniuliza nani atashika kazi siku ya mtihani. Nasi walimu tumepewa mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unaotutaka tumfunze mtoto kutenda, na bado tunachora breki ubaoni kwa chaki ilhali breki zenyewe ziko mita mia tatu kutoka lango la shule.

Nilimwomba aje azungumze na kidato cha tatu. Alikataa, alisema yeye si mtu wa kusimama mbele ya watu. Basi tukaenda sisi kwake, wanafunzi kumi na wanne, Jumamosi asubuhi. Hakuhutubia. Alimpa kila mmoja ile diski ya zamani aipitishe kidole, auhisi ule mfereji uliochimbwa na joto, kisha akawapa ile mpya. Msichana mmoja akauliza kwa nini matundu yale yamepinda badala ya kunyooka. Mimi sikuwa na jibu. Mzee alichukua diski, akaizungusha polepole mbele ya uso wa msichana yule mpaka akausikia upepo.

Tunarudi mwezi ujao. Amesema waje na madaftari, na mimi nije na nguo za kazi.