Ukiambiwa "tafuna mkate mkavu": kutapika kwa mimba na ugonjwa wa siliaki

Mjamzito anayetapika hapa Kizota atapewa ushauri ule ule, awe ameuliza au hajauliza. Mama mkwe atamwambia, jirani atamwambia, nesi wa kliniki atamwambia: asubuhi kabla hujashuka kitandani, tafuna kipande cha mkate mkavu au biskuti mbili, halafu tulia kidogo. Ushauri wenyewe si mbaya. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na chakula kidogo kikavu cha wanga huwa kinakituliza. Wengi wanasaidika.

Wapo wachache ambao mkate wenyewe ni sehemu ya tatizo. Makala hii ni kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wale wengi wasiokuwa nao, maana siku hizi ukisoma habari za gluteni mtandaoni unaweza kuamini kila tumbo linalouma limeumizwa na chapati. Nitangulize kusema kwamba mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Ninachoweza kukupa ni maelezo ya namna mambo yanavyofanya kazi, ili ukienda kliniki ujue cha kuuliza.

Tuanze na kutapika kwenyewe

Karibu wajawazito 7 kati ya 10 hupata kichefuchefu, na wengi wao hutapika. Kwa kawaida huanza kwenye wiki ya 5 au 6, hufika kileleni karibu na wiki ya 9, kisha hupungua. Ikifika wiki ya 16 hadi ya 20 wengi wameshapumua.

Halafu kuna hali nyingine kabisa inayoitwa haipaemesisi. Huyu si mama anayetapika asubuhi kisha anaenda sokoni. Huyu anatapika maji, anatapika mate, anatapika nyongo. Madaktari huangalia kama amepoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba, kama mwili umeishiwa maji, na mara nyingi hupima ketoni kwenye mkojo. Ketoni ni mabaki yanayotokea mwili unapounguza mafuta yake kwa kukosa chakula. Ni kama nyumba inayochoma samani zake kwa sababu kuni zimekwisha. Hali hii huwapata takribani wajawazito 3 hadi 30 katika kila 1,000, kutegemea umeweka wapi mstari wa "kali".

Sasa hapa ndipo maneno ya mtaani yanapoingia. Anadeka. Hampendi mumewe. Mtoto ana nywele nyingi. Kuna mtu kamchezea. Usidhani ni sisi tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani nao waliandika kwamba mwanamke wa namna hii anaikataa mimba yake moyoni bila kujijua, na wengine waliwatenga wagonjwa hawa na ndugu zao hospitalini kama matibabu. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa mbaya kuliko kumsingizia uchawi, kwa sababu mchawi angalau ni mtu mwingine. Hapa lawama anabebeshwa mgonjwa.

Jibu lililo wazi zaidi lilikuja Desemba 2023 kwenye jarida la Nature, katika utafiti ulioongozwa na kundi la Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na Marlena Fejzo, mtaalamu wa jeni wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kupoteza mimba kwa sababu ya haipaemesisi mwaka 1999. Kuna homoni inaitwa GDF15. Wote tunayo kidogo kwenye damu. Mimba inapotungwa, mtoto na kondo la nyuma huizalisha kwa wingi, inaingia kwenye damu ya mama, inapanda hadi sehemu ya nyuma ya ubongo na kuwasha kitovu cha kichefuchefu.

Kilichoshangaza ni nani anaumia zaidi. Ungetarajia ni wale waliokuwa na GDF15 nyingi tangu awali. Ni kinyume chake. Waliokuwa nayo kidogo kabla ya mimba ndio wanaotapika vibaya, kwa sababu ubongo wao haujaizoea. Fikiria pilipili: aliyekula pilipili tangu utotoni ataimaliza sahani, na ambaye hajawahi kuigusa atatokwa machozi kwa kijiko cha kwanza. Na wanawake wenye talasemia ya aina ya beta, ugonjwa wa damu unaoifanya GDF15 iwe juu miaka yote, huripoti kichefuchefu kidogo sana wakiwa wajawazito. Basi suala la kudeka limekwisha hapo.

Siliaki ni nini

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili inaiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo inaujeruhi utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyuzi vidogo sana vilivyosimama kama manyoya ya zulia, na kazi yake ni kufyonza chakula. Siliaki inalinyoa zulia. Unakula vizuri, lakini kinachoingia mwilini ni kidogo.

Hii si mzio wa kuwasha ngozi, wala si "tumbo langu halipatani na ngano". Ni ugonjwa wa kinga ya mwili, wa kudumu, na bila jeni fulani huupati. Maarufu ni zile zinazoitwa DQ2 na DQ8. Wenye jeni hizo ni wengi, lakini wanaougua ni wachache kati yao. Kwa wastani wa dunia, siliaki ipo kwa karibu mtu 1 katika kila 100, na wengi hawajui.

Aliyeunganisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano hata kabla ya vita. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu wakati kila mtu mwingine anakonda. Mkate uliporudi, waliugua tena. Akaliandika jambo hili kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 1950.

Na kwa anayesema ni ugonjwa wa Wazungu: kiwango cha juu zaidi kuripotiwa duniani kilipatikana Afrika. Watoto wa Wasaharawi waliopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, walikuwa nao kwa asilimia 5.6. Sababu zinazotajwa ni jeni zilizoenea sana katika jamii hiyo na mlo uliogeuka kuwa wa mkate.

Vinakutana wapi

Niseme wazi, siliaki si chanzo kinachojulikana cha haipaemesisi. Chanzo kikubwa ni ile GDF15. Ila magonjwa haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na yakikaa pamoja yanasumbua kwa namna tatu.

Kwanza yanafichana. Siliaki kwa mtu mzima inaweza kuleta kichefuchefu, kutapika, gesi, kuharisha au hata kufunga choo, uchovu na upungufu wa damu. Soma tena orodha hiyo ukimfikiria mjamzito. Nani atashtuka? Kila kitu kitawekwa kwenye kapu la mimba. Wapo wanawake ambao ugonjwa wao ulijitokeza kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito au muda mfupi baada ya kujifungua.

La pili ndilo linalonitisha zaidi, nalo ni akiba. Madini chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, palepale siliaki inapopiga kwanza. Foliki asidi, ambayo mtoto anaihitaji wiki za mwanzo ili asizaliwe na mgongo wazi, nayo hufyonzwa sehemu hizo za juu. Kwa hiyo mwanamke mwenye siliaki isiyojulikana anaingia kwenye mimba ghala likiwa nusu tupu, halafu anaanza kutapika hata kile kidogo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba siliaki isiyotibiwa inaongeza hatari ya mimba kuharibika, mtoto kutokukua vizuri tumboni, kuzaliwa njiti na kuzaliwa na uzito mdogo. Habari njema ni kwamba anayeijua na kuacha gluteni hupunguza sana hatari hiyo.

Kuna vitamini moja ambayo watu hawaizungumzii sana, thiamini, yaani B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Anayetapika kila kitu kwa mwezi mzima anaweza kuishiwa kabisa, na hapo ubongo unaumia: macho yanachezacheza au kuona viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Na dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya thiamini inaweza kuharakisha madhara hayo, kwa sababu mwili hutumia thiamini kuichoma sukari. Ukimsindikiza ndugu yako aliyetapika kwa wiki kadhaa, si utovu wa adabu kumuuliza daktari, "Samahani daktari, amepewa thiamini?"

La tatu ni ule ushauri wa mkate. Kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 2 za gluteni. Kwa mwenye siliaki, miligramu 50 kwa siku zikiendelea kwa miezi zinatosha kuujeruhi utumbo. Fanya hesabu: kipande kimoja ni mara 40 ya hapo. Akitapika zaidi, ataambiwa aongeze biskuti.

Uzuri na mtego wa kuishi Dodoma

Kizota kuna maghala ya nafaka ya NFRA, na mkoa wenyewe ni wa mtama na uwele. Zote hazina gluteni hata chembe, vilevile mahindi, mchele, ulezi na mihogo. Ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo ambacho baadhi ya vijana wanaona kimepitwa na wakati, ndicho ambacho wagonjwa wa siliaki kule Ulaya wanakitafuta kwa bei kubwa kwenye maduka maalumu. Asubuhi, badala ya mkate mkavu, kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopoa, bisi, wali mkavu au kipande cha muhogo vinafanya kazi ile ile ya kutuliza tumbo.

Mtego wa kwanza ni uji wa lishe. Kila mjamzito anashauriwa anywe, na wengi wanaochanganya unga huo hutia mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na ngano. Akinunua uliosagwa tayari hawezi kuijua kwa macho. Wa pili ni mashine ya kusaga. Mtama wako ni safi, lakini aliyekutangulia kwenye foleni amesaga unga wa lishe wenye ngano. Wanaojua hupitisha kwanza kiasi kidogo cha nafaka yao na unga huo wa mwanzo wanawapa kuku. Wa tatu ni chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa na maandazi. Vitumbua vya mchele navyo uliza, wapo wanaoongeza ngano ili viumuke.

Tena kuna hili: unga wa ngano wa viwandani nchini huongezwa madini chuma na foliki asidi. Anayeacha ngano anaacha na hivyo, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki vinakuwa na uzito zaidi kwake.

Kabla hujaacha ngano

Usiache kwanza. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza gluteni ikiwepo. Ukiacha ngano miezi kadhaa halafu ukapime, majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Kipimo hicho ni cha damu tu, na mjamzito anaweza kukifanya. Endoskopi, ile ya kupitisha kamera na kuchukua kipande kidogo cha utumbo, mara nyingi husubiri hadi baada ya kujifungua isipokuwa hali ikilazimu.

Nani aulize? Mwenye upungufu wa damu usiopanda licha ya kumeza vidonge vizuri, baada ya malaria, minyoo na kichocho kuangaliwa, maana hapa kwetu hayo ndiyo ya kawaida zaidi. Aliyeharibikiwa na mimba mara kadhaa bila sababu kupatikana. Aliyekuwa na tumbo la matatizo miaka mingi kabla ya mimba. Ambaye kutapika kwake hakufuati kalenda, hasa kulikoanza baada ya wiki ya 9 au kunakoendelea hata baada ya kujifungua. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au ndugu wa damu mwenye siliaki.

Kuna mengine hayasubiri miadi ya kliniki: maji hayakai tumboni kwa siku nzima, mkojo mweusi au hakuna kabisa, kizunguzungu akisimama, damu kwenye matapishi, homa. Homa na kutapika ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Na kutapika kunakokuja baada ya wiki ya 20 pamoja na kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Dawa za kuzuia kutapika zinazotumika kwa wajawazito zipo, kuanzia vitamini B6 hadi promethazini, lakini aina na kiasi apangiwe na mhudumu, si muuzaji wa duka la dawa.

Mama akithibitika kuwa na siliaki, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Uwezekano wao ni karibu 1 kati ya 10. Mtoto mchanga anyonye kama kawaida, kisha apimwe akishakuwa ameanza kula ngano kwa muda, kwa sababu ile ile: bila gluteni, kipimo hakina cha kukiona.