Dawa za Nguvu za Kichina na Mwanamke Aliyetibiwa Saratani ya Titi

Huko Geita, Kahama na Shinyanga twaona mizizi na unga wa Kichina ukiuzwa kwa jina la dawa ya nguvu. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi katika hospitali ya Bugando, Mwanza, akarejea kwake amedhoofu, huipokea kwa furaha. Na pengine aliyemnunulia ni jirani mwenye mapenzi mema.

Saratani za titi si za namna moja. Nyingi hustawi kwa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Kwa hizo daktari hutoa vidonge vya tamoksifeni, vimezwe kila siku kwa miaka 5 au zaidi, kuizuia homoni hiyo isizilishe chembe za saratani. Vidonge hivyo huleta joto la ghafla mwilini, na hedhi yaweza kuvurugika au kukatika. Hapo ndipo mtego ulipo! Mzizi uitwao dang gui, Wachina wameutumia tangu kale kurejesha hedhi na kuongeza damu. Nao katika maabara umeonekana kukuza chembe za saratani ya aina hiyo hiyo.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu. Alifundisha pia kwamba atibuye pasipo kujulikana kwa elimu ya utabibu huchukua dhamana ya madhara. Muuzaji asiyeweza kutaja kilichomo koponi ajiangalie.

Nanyi waume, msiwagombeze wake zenu wanywao kwa siri. Wapeni nauli ya Mwanza, walichukue kopo lenyewe wamwonyeshe daktari. Wala vidonge visiachwe kwa sababu ya joto, maana ziko dawa nyingine za kulipunguza.